Je, kuna kinachoweza kuushinda mwanga mbio?

Kazi yangu ni ya faiba. Hapa Dar es Salaam ninaunganisha, ninapima na kutengeneza nyuzi za kioo zinazopitisha mwanga uliobeba simu, picha na fedha za watu, na labda ndiyo sababu swali la kama kuna kitu kinachoweza kusafiri haraka kuliko mwanga limenikaa moyoni kuliko mambo mengine ya sayansi. Vijana wanaojifunza kazi kwetu huniuliza mara kwa mara, na wengi wao huwa wamekwisha kujijibu: leo haiwezekani, ila kesho wataalamu watapata njia, kama walivyopata njia ya kuruka angani na kama ndege zilivyoupita mwendo wa sauti. Jibu hilo lina imani kubwa katika akili ya binadamu, nami ninaipenda imani hiyo. Hata hivyo, naona linachanganya vizuizi viwili ambavyo havifanani hata kidogo.

Sauti husafiri hewani kwa takriban mita 340 kwa sekunde. Kabla rubani Mmarekani Chuck Yeager hajaipita kasi hiyo kwa ndege tarehe 14 Oktoba 1947, risasi za bunduki zilikuwa zikiipita kila siku, na hata ncha ya mjeledi huipita. Mlio ule mkali wa mjeledi unatokana na jambo hilo. Kwa hiyo kilichokuwa kikitafutwa ni mabawa na injini zitakazostahimili, kwa maana maumbile yenyewe yalikuwa yameshatoa ruhusa. Kwa mwanga, ruhusa ya namna hiyo haijaonekana popote. Haijawahi kupatikana hata chembe moja iliyoupita mwanga katika ombwe, yaani mahali pasipo hewa wala kitu kingine chochote, ijapokuwa chembe zimesukumwa kwa nguvu kubwa mno katika mitambo iliyojengwa kwa ajili hiyo.

Sharti hilo la ombwe haliwezi kuachwa, na sisi wa faiba tunakutana nalo kila tunapopima waya. Kasi ya mwanga katika ombwe ni mita 299,792,458 kwa sekunde kamili. Ni kamili kwa sababu tangu mwaka 1983 urefu wa mita yenyewe unaelezwa kwa kutumia kasi hiyo. Ndani ya kioo cha faiba mwanga hupungua hadi karibu kilometa 200,000 kwa sekunde, ambayo ni kama theluthi mbili ya kasi yake kamili. Mteja mwenye ofisi Posta au Kariakoo anapolalamika kwamba mfumo anaoutumia, ambao kompyuta zake ziko London, unachelewa kujibu, mara nyingi huomba auziwe megabiti zaidi. Anaweza kuuziwa, lakini megabiti huongeza wingi wa data inayopita kwa wakati mmoja, haziuongezei mwanga mbio. Mkongo unaotoka pwani yetu hadi Uingereza kwa kupitia Bahari ya Shamu na Misri una urefu unaozidi kilometa 10,000, hivyo mwanga unahitaji milisekunde 50 (yaani elfu ya sekunde mara 50) au zaidi kwenda na nyingine kama hizo kurudi, na hakuna bei wala ufundi wa kuzipunguza muda wote habari inapopita ndani ya kioo hicho. Waliotumia intaneti ya jiji hili kabla ya mkongo wa SEACOM kufika mwaka 2009, na ule wa EASSy mwaka uliofuata, wanakumbuka hali iliyokuwa ngumu zaidi. Mawasiliano mengi ya nje yalipanda kwenye satelaiti zilizo juu ya ikweta, kilometa 35,786 kutoka ardhini; ombi na jibu kwa pamoja vilisafiri zaidi ya kilometa 143,000, na muda huo ulikaribia nusu sekunde. Katika simu za ng'ambo watu walikuwa wakigongana maneno: huyu anadhani mwenzake amenyamaza, anaanza kusema tena, kumbe jibu liko njiani.

Kwa kuwa kioo huupunguzia mwanga kasi, mwanga ulio ndani yake unaweza kushindwa mbio, na hushindwa kweli. Kati ya Chicago na New Jersey huko Marekani zipo kampuni za biashara ya hisa zilizojenga misururu ya minara ya mawimbi ya redio, kwa sababu mawimbi hayo hupita hewani kwa kasi inayokaribia sana ile ya ombwe na hufika mapema kuliko mwanga unaopita kwenye faiba. Katika maji pia mwanga hupungua, hadi karibu kilometa 225,000 kwa sekunde, na chembe yenye chaji ya umeme inaweza kuupita humo. Inapoupita, hutoa mwanga wa buluu ambao mwanafizikia wa Urusi Pavel Cherenkov aliuchunguza mwaka 1934 na kushiriki Tuzo ya Nobeli mwaka 1958 pamoja na Igor Tamm na Ilya Frank walioueleza. Buluu hiyo huonekana katika madimbwi ya maji yanayozunguka vinu vya nyuklia. Bara letu lina mtambo unaoitumia: darubini za H.E.S.S. katika nyanda za juu za Khomas nchini Namibia hutazama anga usiku zikisubiri mimweko ya Cherenkov, inayodumu nanosekunde (sehemu ya bilioni ya sekunde) chache tu, pale miale ya gama, ambayo ni mwanga wenye nishati kubwa mno usioonekana kwa macho, kutoka mbali inapogonga hewa na kuzaa mvua ya chembe zinazokwenda kasi kuliko mwanga uendavyo katika hewa hiyo. Anayetaka kusikia kwamba mwanga hupitwa, basi hupitwa namna hiyo, na ni jambo zuri la kweli. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloigusa namba ya mita 299,792,458.

Kwamba mwanga una kasi yenye kikomo ilijulikana mapema. Mwaka 1676 huko Paris, Ole Rømer wa Denmark aligundua kwamba kupatwa kwa Io, mwezi mmojawapo wa sayari ya Mshtarii, huonekana kwa kuchelewa wakati Dunia inapokuwa mbali na sayari hiyo, na akatambua kwamba mwanga ndio unaochelewa njiani. Kwamba kikomo hicho hakivukiki ni jambo la Albert Einstein na mwaka 1905, na lina sehemu mbili.

Ya kwanza inahusu nishati. Mwaka 1964 William Bertozzi wa chuo cha MIT aliziongezea elektroni nishati hadi karibu mara 30, akawa anapima muda zinaotumia kupita umbali wa mita chache. Kwa hesabu za kale kasi yao ilipaswa kuongezeka zaidi ya mara tano. Iliongezeka kidogo tu, ikakaribia ile ya mwanga na kukwama hapo, ingawa nishati ziliyopewa ilikuwemo yote na ilipimika kama joto pale elektroni zilipogonga mwisho wa safari. Katika mtambo wa CERN, maabara ya Ulaya ya fizikia ya chembe, ulio chini ya ardhi mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, wenye mzingo wa kilometa 27, protoni zimefikishwa mahali ambapo zinazidiwa na mwanga kwa takriban mita 3 kwa sekunde, mwendo wa mtu anayekimbia taratibu, na mita hizo 3 hazijaisha. Kila nyongeza ya nishati huleta nyongeza ndogo zaidi ya kasi, na ili kuifikia kasi yenyewe kitu chochote chenye uzito kingehitaji nishati isiyo na mwisho.

Sehemu ya pili ndiyo iliyonishika zaidi, na nadhani ndiyo haielezwi vya kutosha. Kama kasi ya mwanga ni ileile kwa kila apimaye, awe ametulia au yuko mwendoni, basi watu wawili walio katika miendo tofauti hawatakubaliana daima kuhusu matukio gani yametokea kwa wakati mmoja. Hili si jambo la kwenye karatasi pekee. Saa zilizo ndani ya satelaiti za GPS huchelewa mikrosekunde 7 kwa siku kwa sababu ya mwendo wao, na huwahi mikrosekunde 45 kwa kuwa mvutano wa Dunia ni hafifu zaidi huko juu. Tofauti hiyo isingerekebishwa, makosa yangelimbikizana kwa kilometa kadhaa kila siku na bodaboda uliyemwita kwa simu Sinza angeelekezwa kwenda kukutafuta mtaa wa mbali. Sasa tuchukue matukio mawili: la kwanza linatokea hapa Duniani, la pili linatokea Mwezini nusu sekunde baadaye kwa saa zetu. Mwanga huchukua sekunde 1.28 kufika Mwezini, hivyo haungeweza kutoka kwenye tukio la kwanza ukalifikia la pili. Kwa matukio ya namna hiyo, na kwa hayo tu, msafiri anayekwenda kasi ya kutosha anaweza kupima kwa usahihi kabisa na kukuta la pili limetangulia. Hakuna ubaya wowote, kwa sababu hakuna kati ya hayo mawili lililoweza kulisababisha lingine.

Ubaya unaingia pale tunapodai kwamba ujumbe uliotumwa hapa umefika Mwezini kwa nusu sekunde ile. Kwa msafiri wetu, ujumbe huo umepokelewa kabla haujatumwa. Kama naye anacho kifaa kama hicho, anaweza kuupokea na kurudisha jibu litakalomfikia mtumaji kabla hajauliza, na mtumaji akisha kulisoma jibu anaweza kuamua asiulize. Kwa hiyo kinacholindwa na kikomo hiki ni mpango wa sababu kutangulia tokeo lake. Mwanga hukimbia kwa kasi hiyo kwa kuwa hauna uzito wa kuuchelewesha, na chochote kingine kisicho na uzito hufanya vivyo hivyo. Tarehe 17 Agosti 2017 mitambo ya LIGO na Virgo ilinasa mawimbi ya mvutano, yaani mitetemo ya nafasi yenyewe, kutoka kwa nyota mbili za nyutroni zilizogongana umbali wa takriban miaka ya mwanga milioni 130 (mwaka wa mwanga ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja), na sekunde 1.7 baadaye satelaiti ya Fermi ikanasa miale ya gama ya mgongano huohuo. Baada ya safari ya miaka milioni 130, mvutano na mwanga viliachana kwa muda wa mtu kuvuta pumzi moja.

Yapo mambo yanayokizidi kikomo bila kuvunja chochote. Chukua kurunzi kali ya leza, ielekeze ukingo mmoja wa Mwezi, kisha uizungushe kwa sehemu moja ya mia ya sekunde hadi ukingo wa pili. Kipenyo cha Mwezi ni kilometa 3,474, hivyo doa la mwanga litakuwa limeukata uso wake kwa zaidi ya kilometa 347,000 kwa sekunde. Lakini hakuna kilichotoka ukingo ule kwenda huu. Kila chembe ya mwanga imetoka mkononi mwako na kwenda moja kwa moja juu, na aliyesimama ukingo wa kwanza hawezi kulitumia doa hilo kumpelekea mwenzake hata neno moja.

Chembe zilizofungamana, yaani jozi za chembe ambazo vipimo vyake huhusiana hata zikiwa mbalimbali, husemwa sana siku hizi, nazo zinataka uangalifu zaidi. Ukiwa na jozi ya kandambili, ukaifungia kila moja katika kifurushi chake bila kutazama na kupeleka kimoja Mwanza, utakapofungua kilichobaki na kukuta ya kushoto utajua papo hapo kwamba ya Mwanza ni ya kulia, na hakuna atakayesema habari imeruka. John Bell alionyesha mwaka 1964 kwamba chembe zilizofungamana haziwezi kuelezwa kwa njia rahisi kama hiyo, yaani kana kwamba kila moja iliondoka na jibu lake ndani, na majaribio ya John Clauser, Alain Aspect na Anton Zeilinger, waliopewa Nobeli ya fizikia mwaka 2022, yakathibitisha. Kuna kitu cha ajabu hapo, nami sipendi kukipunguza. Hata hivyo, matokeo anayoyapata kila mpimaji upande wake ni ya bahati nasibu tupu. Hawezi kuchagua yawe nini, na uhusiano wao hudhihirika tu pale wapimaji wawili wanapolinganisha daftari zao kwa simu au barua, ambazo haziupiti mwanga. Anayeahidi intaneti isiyo na ucheleweshaji kwa njia hiyo anaahidi kisichokuwepo.

Galaksi za mbali sana nazo huongeza umbali wake na sisi kwa kasi inayozidi ya mwanga, kwa kuwa nafasi iliyo katikati ndiyo inayotanuka. Haziupiti mwanga wowote ulio jirani nazo, na hilo halina mgogoro na Einstein.

Tukio ninalolirudia zaidi mbele ya vijana wa kazini ni la mwaka 2011. Kundi la wanasayansi wa jaribio la OPERA lilikuwa likipima nyutrino, chembe zinazopenya miamba kama vile hakuna kitu, zikitoka CERN karibu na Geneva hadi maabara iliyo chini ya mlima Gran Sasso nchini Italia, umbali wa takriban kilometa 730. Mwanga ungetumia milisekunde 2.4 kwa njia hiyo. Nyutrino, zaidi ya 15,000 walizozihesabu kwa miaka mitatu, zilionekana kuwahi kwa nanosekunde 60, sawa na kuutangulia mwanga kwa mita 18. Walitafuta kosa kwa miezi, hawakulipata, na mwezi Septemba wakayatangaza matokeo yao hadharani wakiwaomba wenzao wote wayakague. Kwa maoni yangu walifanya lililo sawa kabisa.

Waliokuwa na shaka walikuwa na ushahidi mzito. Tarehe 23 Februari 1987 mwanga wa nyota iliyolipuka katika Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo iliyo jirani na yetu, umbali wa takriban miaka ya mwanga 168,000, uliifikia Dunia, na siku hiyohiyo mitambo ya Japani, Marekani na Urusi ilinasa nyutrino zake chache, kama saa tatu kabla ya mwanga. Ziliwahi kwa sababu zilitoka kwenye kiini cha nyota mara moja, ilhali mwanga ulilazimika kungoja mlipuko ufike juu ya uso wake. Kama nyutrino zingekuwa na mbio walizozipima OPERA, zingefika zaidi ya miaka minne kabla.

Kosa lilipatikana miezi michache baadaye, na kila fundi wa faiba anapaswa kulijua. Ishara ya saa kutoka kwenye kipokezi cha GPS ilishuka chini ya mlima kwa faiba hadi kwenye saa kuu ya maabara, na kiunganishi cha faiba hiyo hakikuwa kimekazwa sawasawa. Mwanga ulikuwa ukipita, taa zilikuwa zikiwaka, data ilikuwa ikisomeka, isipokuwa nguvu ya mwanga ilipungua na saketi ya kuupokea ikachukua makumi ya nanosekunde zaidi kabla ya kutambua kwamba ishara imefika. Saa ikachelewa, nyutrino zikaonekana zimewahi. Tunakutana na viunganishi vya namna hiyo mara nyingi, na pasipo kipimo hakuna anayeviona, kwa kuwa huduma inaendelea. Mwezi Machi 2012 kundi la ICARUS, lililokuwa na kifaa chake katika maabara ileile, lilitoa vipimo vyake: nyutrino zilikuwa zimefika sambamba na mwanga.

Limebaki tumaini la mwisho, ambalo linatoka ndani ya nadharia ya Einstein yenyewe. Mwaka 1994 mwanafizikia wa Mexico Miguel Alcubierre alionyesha kwa hesabu kwamba nafasi yaweza kukunjwa mbele ya chombo na kutanuliwa nyuma yake, chombo kikiwa kimetulia ndani ya povu linalokwenda kwa kasi yoyote. Hesabu zake ni sahihi, na ninazichukulia kwa uzito. Zinahitaji nishati hasi kwa kiasi ambacho hakuna ajuaye namna ya kukipata, na swali la sababu na tokeo linarudi vilevile, kwa kuwa povu linaloupita mwanga linaweza kutumika kurudisha jibu kabla ya swali. Zaidi ya hapo, aliye ndani ya chombo hawezi kuliongoza povu lake linapouzidi mwanga, kwa sababu amri anayoitoa haiwezi kuufikia ukuta wa mbele. Anayetaka kusafiri hivyo hadi nyota ya jirani ya Rijili Kantori (Alpha Centauri), miaka ya mwanga 4.4 kutoka hapa, angehitaji watu waliomtangulia kupanga mitambo njia nzima, na hao, kama meli inayotandaza mkongo baharini kabla ishara ya kwanza haijapita, wangekwenda kwa kasi iliyo chini ya ile ya mwanga.